Kusafisha Figo au Kuchuja Damu? Uhakiki wa Istilahi za Wagonjwa wa Figo

Miongoni mwa istilahi za tiba zilizoenea bila kuhakikiwa ni zile zihusuzo maradhi ya figo. Tangu upandikizaji wa figo uanze nchini Tanzania, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma mwaka 2018, maneno hayo yametoka kwa madaktari yakaingia magazetini na majumbani. Vilevile yanahitajiwa huko Marekani, ambako wamo wakimbizi wengi wa Kongo wasemao Kiswahili, na ambako mgonjwa hujisomea majibu ya vipimo vyake kwa mtandao. Tafsiri chache zilizotufikia kutoka huko zatulazimu kusema.

Kwanza ni "kusafisha figo". Ndivyo wengi waitavyo kazi ya ile mashine. Lakini mashine haigusi figo. Huichuja damu nje ya mwili, kwa kawaida mara tatu kwa juma, na figo hubaki na ugonjwa wake. Kosa hili si dogo. Aambiwaye kwamba figo zake zinasafishwa atatumaini kuwa ipo siku zitatakata, asione sababu ya kuuliza habari za kupandikizwa nyingine. Twapendekeza "kuchuja damu". "Kusafisha damu" si kosa, ila wauza mitishamba wamekwisha kulitumia kwa dawa zao.

La pili limetushtua. Huko Marekani, mgonjwa aliyemo katika orodha ya wanaongojea figo ya marehemu aweza kusimamishwa kwa muda, labda kwa kuwa ameugua maradhi mengine au vipimo vyake havijakamilika. Wakati huo hapewi figo, ingawa muda wake wa kungojea huendelea kuhesabiwa. Mfasiri mmoja, akifuata desturi ya watu wa kompyuta ya kuita "hai" kila kinachotumika, ameandika: "Hali yako katika orodha: si hai." Mgonjwa asomaye maneno hayo usiku, nyumbani, pasipo muuguzi wa kumwuliza, ataelewa nini? Akiepuka kudhani kuwa amehesabiwa na wafu, atadhani amefutwa, wala hatauliza akamilishe nini ili arudishwe. "Umesimamishwa kwa muda", na sababu ikatajwa, lingetosha.

Tatu ni jina la mahali penyewe pa kusomea habari hizo: "lango la mgonjwa". Lango lina bawabu, na apitaye huomba ruhusa. Kumbe yaliyomo ni mali ya mgonjwa. Wagonjwa wetu wamezoea kwenda hospitali na daftari mkononi. Kwa nini basi tusiseme "daftari la mgonjwa la mtandaoni"? Wataalamu watajibu kuwa humo mgonjwa pia hutuma ujumbe na kuomba miadi. Ni kweli, na jina letu ni refu. Hata hivyo, twaona heri jina refu linaloeleweka na mzee asiyewahi kugusa kompyuta kuliko fupi linalomfukuza.

Mapendekezo haya si ya mwisho. Twawaomba wasomaji, hususa wafasiri na wauguzi wa vitengo vya kuchuja damu, watuletee maneno wayasikiayo kwa wagonjwa wenyewe, ili istilahi zisanifiwe kabla kosa halijawa mazoea.