Simu Ina Shimo Lake

Bibi alikuwa ukumbini anachambua dagaa nilipofungua Neptune Frost kwenye kompyuta, hapa nyumbani Katubuka. Hakuja kutazama, alisikia tu. Wachimbaji walipoanza kuimba, akauliza kwa sauti: "Hao Warundi wanamlilia nani?" Mimi nilikuwa bado nahangaika na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Yeye, kwa Kiha chake, alikuwa keshafika.

Sikuzoea hivyo. Filamu ya bunilizi ya kisayansi kwetu ni chombo cha angani kinachotua New York, na sisi tunasubiri DJ atutafsirie. Hii ilipigwa Rwanda mwaka 2020, lakini hadithi yake iko Burundi, yaani ufukwe huu huu wa Tanganyika ukiufuata kwenda kaskazini. Watu wake wanasema Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, kama watu wanavyochanganya lugha ukanda huu wote.

Imeongozwa na wawili: Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, na Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda. Mazungumzo mengi kuhusu filamu hii huanza na Williams, kwa kuwa nyimbo ni zake. Mimi nadai kwamba sehemu zake bora ni za Uzeyman, na ukitaka kujua kwa nini, fuata njia aliyopita.

Alianza kama mwigizaji. Katika Tey ya Alain Gomis (2012), iliyopigwa Dakar, anacheza Rama, mke wa mtu aliyebakiwa na siku moja ya kuishi. Mume huyo ni Williams. Ni nafasi ya mtu anayebeba mengi kuliko anayosema. Mwaka 2016 akahamia nyuma ya kamera na Dreamstates, aliyoipiga kwa simu za iPhone. Kisha ikaja Neptune Frost, iliyoonyeshwa kwanza Cannes mwaka 2021. Humo ni mwongozaji mwenza, na kamera ameishika mwenyewe.

Angalia mpangilio huo. Filamu moja aliipiga kwa simu. Iliyofuata ikashuka shimoni, kwa watu wanaochimba koltani, madini yanayotoa tantali inayotumika katika vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ndani ya simu. Sijui kama alipanga hivyo. Lakini kwangu kazi hizi mbili ni sentensi moja.

Mwanzoni, kijana Tekno anainua jiwe la koltani, analitazama kwa mshangao, na mlinzi anamuua kwa kusimamisha kazi. Mwongozaji mwingine angetupa damu na kelele. Uzeyman anakaa na miili: mabega, vumbi, mikono inayoendelea kupiga mdundo. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya lenzi anajua kwamba uso ukiachwa utulie utasema wenyewe. Ndiyo maana hata Neptune, mdukuzi ambaye ni huntha na anachezwa na waigizaji wawili, Elvis Ngabo na Cheryl Isheja, hageuzwi kioja. Kamera inamtazama kama mtu anayetoka safari.

Udhaifu upo. Tukishafika kwenye kijiji cha wadukuzi, chenye mavazi ya Cedric Mizero yaliyopambwa kwa nyaya na mabaki ya kompyuta, filamu inaanza kuhutubia. Kila anayefungua mdomo anatoa kaulimbiu. Nilihisi kwamba sisi hatuzungumzwi tena. Anazungumzwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha tamasha Ulaya, ambaye lazima aambiwe simu yake imetoka wapi. Hapa Kigoma hatuhitaji kuambiwa kwa sauti hiyo. Mwaka 2015 Warundi walifurika Kagunga, wakaletwa mjini kwa MV Liemba, wakakaa uwanja wa Lake Tanganyika wakisubiri mabasi ya Nyarugusu. Tuliwaona. Tukawasema kwa idadi: maelfu mangapi, meli ngapi.

Hapo ndipo Uzeyman anapotushinda sote, hotuba za filamu yake zikiwemo. Anakataa idadi. Bunilizi yake haiulizi mashine zitakuwa na akili kiasi gani. Inauliza ni nani alikuwa ameshika jiwe kabla halijawa mashine. Swali hilo halihitaji chombo cha angani, linahitaji mtu mwenye subira ya kutazama.

Filamu ilipokwisha bibi alikuwa amemaliza dagaa. Akaja mlangoni, anapangusa mikono.

"Yule waliyemlilia, jina lake nani?"

Nilifungua mdomo, nikakwama. Kompyuta, nyaya na kaulimbiu zilikuwa zimejaa kichwani. Yeye nilikuwa nimemsahau.

"Subiri, bibi," nikamwambia, nikarudisha nyuma hadi machimboni.