Mgeuko wa Msuko katika Tamthilia ya Nyimbo: Uhakiki wa Nitaolewa Nikipenda

1.0 Utangulizi

Mgeuko wa msuko katika tamthilia husifiwa mara nyingi kwa kigezo kimoja: kwamba hadhira haikuutarajia. Makala haya yanakihoji kigezo hicho. Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: katika tamthilia inayobebwa na nyimbo, mgeuko unaifaa hadithi kwa namna gani, na unamfaa nani ndani ya hadithi hiyo?

Swali hili lina chimbuko lake. Mtafiti alikulia Kang'ata, wilayani Handeni, akisikiliza ngano ya binti anayekataa wachumba wote, kisha akaolewa na kijana mzuri ambaye kumbe ni zimwi. Ngano hiyo inapatikana kwa sura mbalimbali katika jamii nyingi za Kibantu. Hadhira iliyoketi kumzunguka fanani haikuwa na shaka kuhusu bwana arusi. Wimbo ulikuwa umekwisha kumfichua, nasi tulikuwa tumekwisha kuuitikia. Aliyekuwa hajui ni binti peke yake. Hata hivyo, ngano ile ilirudiwa usiku baada ya usiku, na hofu yetu haikupungua. Yaani mgeuko ulifanya kazi yake bila kuwa siri.

Hoja hii haipingani na Aristotle. Katika Poetics, mgeuko ni hali ya mambo kugeukia kinyume chake kwa ulazima au kwa uwezekano, na mfano wake mkuu ni Oedipus, mfalme ambaye kisa chake Wagiriki walikuwa wakikijua kabla ya kufika ukumbini. Ujinga unaohitajika ni wa mhusika. Ujinga wa hadhira si sharti.

2.0 Tamthilia na Mazingira Yake

Nitaolewa Nikipenda iliandikwa kwa Kigĩkũyũ na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa jina la Ngaahika Ndeenda. Iliigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kuanzia Oktoba 1977. Mwezi uliofuata serikali ya Kenya iliondoa kibali cha maonyesho, na tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini.

Jambo moja kuhusu maandalizi yake lina uzito wa pekee hapa. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wanakijiji walitazama, wakakosoa lugha, wakasahihisha nyimbo, na wengine wakaishia kuyajua maneno ya wahusika kwa moyo hata kabla ya onyesho la kwanza. Tamthilia iliyozaliwa hivyo isingeweza kutegemea siri.

3.0 Mgeuko Wenyewe na Madokezo Yake

Kĩgũũnda na Wangeci ni vibarua wenye ekari moja na nusu, na hati ya shamba hilo imetundikwa ukutani. Tajiri Ahab Kĩoi na mkewe Jezebel wanawatembelea na kuwataka wafunge ndoa ya kanisani. Wangeci anaamini kwamba Kĩoi anaandaa njia ili mwanawe, John Mũhũũni, amuoe binti yao Gathoni. Baada ya mabishano wanakubali, na hati inakwenda benki kuwa dhamana ya mkopo wa arusi. Ndipo mambo yanapogeuka: Gathoni ana mimba, John anamkana, Kĩoi anasema mwanawe hawezi kumwoa binti wa aina hiyo, na shamba linapotea.

Mtazamaji makini hashangazwi. Majina peke yake yanatosha. Msomaji wa Biblia anajua kwamba Ahabu na Yezebeli ndio waliomdhulumu Nabothi shamba lake la mizabibu. Hati iliyo ukutani inaonekana tangu pazia linapofunguliwa, na mapema katika mchezo tunasikia kwamba kuna wanaoitaka ardhi hiyo kwa ajili ya kiwanda cha dawa ya wadudu. Mgeuko, kwa hiyo, umeandaliwa mbele ya macho yetu.

Nyimbo zinafanya zaidi ya kudokeza. Nyimbo za jadi za ndoa, gĩtiiro, zinashangilia arusi mapema: posa haijaletwa, lakini arusi imekwisha kuimbwa. Furaha ya wimbo inakuwa kipimo cha udanganyifu ambao wazazi wanajitia wenyewe. Kwa upande mwingine, nyimbo za kiapo na za mapambano ya ardhi zinazoletwa kwa mbinu rejeshi zinaikumbusha hadhira kwamba ardhi hiyo ilikwisha kuporwa mara moja. Hadhira inashikilia nyimbo za aina mbili kwa wakati mmoja. Kĩgũũnda anaisikia moja tu. Taharuki inatokana na pengo hilo. Hatuulizi nini kitatokea, bali ni lini atausikia wimbo tunaousikia sisi.

4.0 Ulinganisho na Orodha

Tofauti inaonekana wazi tukiilinganisha na Orodha ya Steve Reynolds (2006), inayofahamika sana katika shule za sekondari Tanzania. Furaha amekufa kwa UKIMWI na ameacha barua yenye orodha. Wanaume wa kijijini wanahofu kwamba majina yao yamo. Barua inaposomwa, orodha haina jina la mtu yeyote. Hapa hadhira imefichwa pamoja na wahusika, na mgeuko unategemea siri hiyo. Unaposomwa mara ya pili mshangao umekwisha, na kinachobaki ni woga wa wale wanaume, ambao kwa hakika ndio sehemu bora ya tamthilia. Woga wao umewaandika katika orodha ambayo marehemu hakuiandika. Hivyo hata katika Orodha, thamani ya mgeuko inadumu pale tu unapofichua tabia. Mshangao wenyewe haudumu.

5.0 Kasoro ya Mgeuko

Pamoja na sifa hizo, mgeuko wa Nitaolewa Nikipenda una deni ambalo haulipi. Unaifaa hadithi ya ardhi kikamilifu, lakini haumfai Gathoni. Mimba yake ndiyo inayoufungua mgeuko. Baada ya hapo msuko unamwacha. Anafukuzwa nyumbani na kuishia kuwa mhudumu wa baa, na hatima hiyo tunaelezwa na wengine. Gĩcaamba anamtetea, akisema lawama ni ya mfumo, si ya binti. Utetezi huo ni wa haki, lakini ni utetezi wa mtu asiyekuwapo. Wimbo wa mwisho unawaita wafanyakazi na wakulima waungane, nao unasimama juu ya anguko ambalo lilimpata yeye kwanza.

Inaweza kujibiwa kwamba kutoweka kwake ni uhalisia: mabinti kama yeye hupotea hivyo hivyo. Jibu hilo linaeleza kwa nini aondoke jukwaani. Halielezi kwa nini kiitikio kimsahau. Katika ngano ya Kang'ata, wimbo uliolifichua zimwi ndio huo huo uliomwongoza binti kurudi kwao.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika tamthilia ya nyimbo mgeuko hauhitaji kumshtua mtazamaji ili uifae hadithi. Unahitaji kumkuta mhusika hajui jambo ambalo wimbo umekwisha kulisema. Kwa kigezo hicho, Nitaolewa Nikipenda inafaulu kuliko tamthilia nyingi zinazotegemea siri. Hata hivyo, kigezo cha pili kinahitajika: mhakiki aulize mgeuko umetumia maisha ya nani, na kama nyimbo zinazofuata zimemrudia mtu huyo. Hapo tamthilia hii, kwa ukubwa wake wote, inabaki na jambo ambalo haijaliimba.