Dhamira ya Kitenzi katika Lugha ya BASIC

Lugha ya BASIC, iliyotungwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, ilikusudiwa hata wanafunzi wasio wanasayansi. Amri zake ni maneno machache ya Kiingereza cha kawaida, na wepesi huo ndio ulioieneza. Hata hivyo, ipo sentensi moja ambayo haikosi kumkwaza mwanagenzi:

LET X = X + 1

Kwa aliyefunzwa hisabati ya shule, huu ni uongo mtupu, kwani hakuna nambari iliyo sawa na nafsi yake ikiongezwa moja. Walimu wengine hujibu kwamba mashine ina hisabati yake. Jibu hilo halitoshi, maana tatizo si la hesabu bali la sarufi. Alama ya usawa, ambayo Robert Recorde aliipiga chapa kitabuni mwaka 1557, huunda taarifa katika hisabati. Katika BASIC huunda amri. Taarifa ya hisabati, zaidi ya hayo, haina wakati, ilhali amri ya programu inao: X ya kulia ni ile iliyokuwapo, na X ya kushoto ni ile itakayokuwapo.

FORTRAN ya mwaka 1957 ilikuwa imekwisha kuiazima alama hiyo. Watunzi wa ALGOL waliona hatari, wakaitanguliza kwa nukta mbili (:=), na Pascal ya 1970 ikawafuata. BASIC ilitegemea LET kuonyesha dhamira. Lakini matoleo mengi ya baadaye yaliruhusu neno hilo liachwe, yakafuta kitenzi pekee kilichomwonya msomaji. Python, iliyotolewa mwaka 1991 na inayofundishwa wanagenzi wengi leo, nayo hutumia alama tupu.

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa nomino. Wino mwingi umemwagika juu ya tarakilishi na ngamizi, na kitenzi kikasahauliwa. Mfasiri akiandika "tuseme X ni 5", kama wasemavyo walimu wa hisabati, atakuwa ameleta dhana inayodumu hadi mwisho wa hoja, nayo si maana ya LET. Dhamira tegemezi yafaa zaidi: "X iwe X iliyopo, kuongeza 1". Hapo uongo umetoweka. Kiambishi cha urejeshi kimezitenganisha X mbili ambazo alama za Kiingereza zimezichanganya.

Vitabu vingi hueleza X kuwa ni sanduku. Mfano huo ni dhaifu, kwani embe la pili likitiwa sandukuni la kwanza halitoweki. Ubao wa bei dukani ungefaa zaidi: jina "sukari" hubaki, tarakimu ya jana hufutwa kwa kitambaa na ya leo huandikwa mahali pale pale.

Isidhaniwe, lakini, kwamba Kiswahili hakina mitego yake. Kiambishi -ki- hubeba sharti na hubeba pia jambo linalorudiwa. Aambiwaye "mgeni akija, mkaribishe" haelezwi kama ni mgeni mmoja au kila mgeni, na binadamu haulizi. Mashine haivumilii hivyo. "X ikiwa chini ya 10, ongeza 1" yaweza kuwa IF au WHILE ya Pascal. X ikianza na 5, tafsiri ya kwanza huishia 6, na ya pili huishia 10. Njia iliyopo ni kuitengea IF neno "iwapo" na WHILE neno "maadamu", na kuiacha -ki- nje ya programu kabisa. Bei yake si ndogo: mwanagenzi atanyimwa kiambishi anachokitumia kila siku, tena katika somo ambalo lilikusudiwa kumkaribia kwa lugha yake.