Majaribio ya pamoja: si kopi, si gunia

Wengi wetu tulitoka chuoni tukijua kuandika programu. Lakini kupanga majaribio ya programu nyingi zinazoishi katika msimbo mmoja? Hapana. Leo nakosoa namna tunavyofanya, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Hapa Nguba, mimi na wenzangu wawili tulitengenezea kituo kimoja cha afya programu tatu: ya mapokezi, ya famasi na ya kese. Zote zinahesabu dola na franka, kama maisha yetu yote ya Bukavu. Hesabu ile tuliandika mara moja, kisha tukaikopi kwenye zote tatu pamoja na jaribio lake. Mwenzangu alisema: « Juu ya nini kujisumbua? Kopi tu, iko inatembea. »

Baadaye mwenye kituo aliomba tuache kupandisha bei hadi mia ya juu, tuchukue mia iliyo karibu. Nilibadilisha kwenye kese, pamoja na jaribio lake. Famasi nikaisahau. Tuseme dola 1 ni franka 2 800: dawa ya dola 3,37 ni franka 9 436. Famasi iliandika 9 500, kese ikapokea 9 400. Majaribio yote yalipita, kijani tupu, kwa sababu kila programu ilijipima kwa kipimo chake. Jioni makuta hayakutimia, na mama wa kese akaambiwa alipe.

Kisha tukakimbilia upande wa pili: majaribio yote tukayatupa katika folda moja tuliyoiita « ya pamoja ». Ikawa gunia. Ukigusa rangi ya kitufe cha mapokezi, unangoja majaribio ya famasi yaishe, na betri ya ordinateri nayo inaisha. Polepole kila mtu akaanza kuyaruka. Jaribio linalorukwa halimlindi mtu.

Mfano mzuri uko karibu nasi. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, iliingia kazini Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na mwaka uleule ikafika Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi. Katika toleo lake la 3, msimbo wa faili la mgonjwa una programu ndogo nyingi katika folda moja: ya mizio, ya dawa, ya vipimo na nyingine. Kila moja ina majaribio yake kando ya msimbo wake. Vifaa vya kusaidia majaribio na data ya mfano viko mahali pamoja. Majaribio yanayopita toka mwanzo hadi mwisho, kama mtumiaji, yana folda yao.

Napenda mgawanyo ule, lakini una hatari yake. Data ya mfano ikiwa moja kwa wote, ukibadilisha mgonjwa mmoja wa mfano unaweza kuvunja majaribio ya mtu ambaye hukugusa kazi yake. Kwa hiyo ya pamoja iwe kidogo.

Sisi sasa tunafanya hivi. Hesabu ya makuta iko mahali pamoja, na jaribio lake ni moja. Ukiigusa, majaribio ya programu zote tatu yanakimbia. Ukigusa famasi tu, ya famasi ndiyo yanakimbia. Na liko jaribio moja linalofuata fakitire toka famasi hadi kese, likiuliza kama bei ni ileile. Hilo tulipaswa kuliandika siku ya kwanza.

Mama wa kese alirudishiwa makuta yake. Lakini kwa siku kadhaa wenzake walimtazama kama mwizi, juu ya kopi yangu. Kwa hiyo ndugu, kabla ya kusema « kwangu inatembea », jiulize: na kwa jirani yako?