Kiangaza-mbele na Ufichuzi wa Msuko: Mzozo wa Watazamaji wa Babylon 5

Tamthilia ya televisheni ya Babylon 5, iliyobuniwa na Mmarekani J. Michael Straczynski na kuonyeshwa kati ya 1993 na 1998, ilikusudiwa tangu awali iwe masimulizi mamoja yenye mwanzo, kati na mwisho, yaliyogawanywa katika misimu mitano. Katika bunilizi za kisayansi za televisheni ya Marekani za wakati huo, ambapo kila kipindi aghalabu kilijitegemea, mpango huo haukuwa wa kawaida. Mashabiki walianza kulipima kila neno la wahusika kana kwamba ni ushahidi mahakamani, na pakazuka mzozo ambao haujatulia hadi leo: je, dokezo analolitoa mtunzi lina tofauti gani na siri inayovujishwa na mtu aliyekwisha kuitazama kazi nzima?

Wapo wanaodai kwamba hakuna tofauti. Anayeujua mwisho ameujua, awe ameambiwa na mhusika au na jirani. Wengine hujibu kwamba dokezo ni haki ya mtunzi, ilhali ufichuzi ni wizi. Madai yote mawili yanaegemea dhana kwamba taharuki hutegemea kutojua kitakachotukia, na dhana hiyo haina mashiko. Hadhira ya utendi wa Fumo Liyongo huketi ikijua fika kwamba shujaa ataangamizwa na mwanawe wa kumzaa, na bado husikiliza.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Londo Mollari, balozi wa Centauri. Katika kipindi kinachoufungua msimu wa kwanza (1994), Londo anasimulia ndoto ambamo amekiona kifo chake mwenyewe: yeye na G'Kar, balozi wa Narn, wamekabana koo. Mataifa yao ni mahasimu wa jadi, na mtazamaji hana budi kuifasiri ndoto hiyo kama tangazo la chuki isiyokoma. Mnamo 1996, katika "War Without End", tukio lenyewe linaonyeshwa. Mikono iko kooni vilevile. Lakini Londo, ambaye sasa ni kaizari mzee anayetawaliwa na kiumbe aliyepachikwa mwilini mwake, ndiye anayemwomba G'Kar amuue kabla kiumbe huyo, aliyeleweshwa kwa pombe, hajazinduka. Anachokitenda G'Kar ni huruma. Kisha kiumbe anazinduka, na mikono ya Londo inamkaba mwenzake bila hiari ya mwenye mikono. Ndoto haikudanganya hata kidogo. Ilichoficha ni sababu. Zaidi ya hayo, tangu kipindi hicho hadi mwisho wa tamthilia mtazamaji anauona urafiki wa wawili hao ukikua polepole, huku akijua utakakoishia, na kinaya hicho kinazipa uzito hata dhihaka zao za kawaida.

Hapa ndipo kiangaza-mbele kinapotengana na ufichuzi. Kiangaza-mbele hutoa tendo na kuibana maana yake. Ufichuzi huitoa maana kabla tendo halijapata uzito. Mbinu hiyohiyo inatumika kwa kituo chenyewe cha angani. Katika "Signs and Portents" (1994) mwaguzi wa Kicentauri anakiona kikilipuka, na watazamaji wengi walitarajia maangamizi ya vita. Katika kipindi cha mwisho (1998) kinalipuliwa na wenyewe, kikiwa kimekwisha kuhamwa kwa kuwa kazi yake imekoma.

Utabiri wa Morella katika "Point of No Return" (1996) unalitatiza suala hili zaidi. Morella, mjane wa kaizari, anawatangazia Londo na msaidizi wake Vir kwamba wote wawili watatawala, mmoja baada ya kufa kwa mwenzake. Huu ni mwisho uliotamkwa waziwazi, na kwa kipimo cha kundi la kwanza ni ufichuzi mtupu. Lakini Morella anaongeza kwamba Londo amebakiwa na nafasi tatu za kuikwepa hatima yake, na anazitaja kwa mafumbo ambayo tamthilia haiyafumbui kikamilifu. Wanaoendelea kubishana kuhusu jicho lililopaswa kuokolewa au mfu asiyepaswa kuuawa wanajua Londo aliishia wapi. Wanachotafuta ni mahali alipoweza kugeuka.

Kwa msingi huo, ushauri wa baadhi ya mashabiki kwamba mgeni aanze na "In the Beginning" (1998), kwa kuwa matukio yake yanatangulia mengine kiwakati, haufai. Filamu hiyo inaeleza kwa nini Waminbari walisalimu amri wakiwa karibu kushinda vita. Msimu wa kwanza umejengwa juu ya fumbo hilohilo, yaani saa 24 zilizofutika katika kumbukumbu ya kamanda Sinclair. Anayefuata mfuatano wa tarehe badala ya mfuatano wa usimulizi anapewa jibu kabla ya swali.

Hata hivyo, mtunzi hasalimiki kwa kila hali. Katika "Mind War" (1994) Talia Winters anatunukiwa kipawa kipya, na kipindi kinafungwa kwa picha ya sarafu anayoisogeza kwa nguvu ya akili. Mwigizaji wake, Andrea Thompson, aliondoka, na katika "Divided Loyalties" (1995) nafsi ya Talia inafutwa na nyingine iliyopandikizwa ndani yake. Kipawa hakitajwi tena kwa namna yoyote yenye maana. Shabiki anayemnong'oneza mgeni kwamba asiisubiri sarafu ile anafichua, bila shaka, lakini vigumu kusema ni utamu gani anaouharibu.