"Chini ya Miaka 17": Uhakiki wa Istilahi Isiyolingana na Kanuni Yake

Kuanzia tarehe 11 hadi tarehe 30 Oktoba 2022, timu 16 za wasichana zilishindana nchini India, katika miji ya Bhubaneswar, Margao na Navi Mumbai, kuwania Kombe la Dunia la kandanda. Timu yetu ya taifa ilikuwa miongoni mwazo kwa mara ya kwanza. Ilifungwa na Japani mabao 4 kwa 0, ikaifunga Ufaransa 2 kwa 1, ikatoka sare ya 1 kwa 1 na Kanada, ikashika nafasi ya pili katika kundi lake na kuingia robo fainali, ambako Kolombia iliitoa kwa mabao 3 kwa 0. Habari hizo ziliwafikia wananchi kwa Kiswahili, nasi tunawashukuru watangazaji na waandishi waliozieneza. Hata hivyo, jina la mashindano yenyewe, kama lilivyotamkwa na kuandikwa mara nyingi, lina kasoro ambayo haifai kuachwa bila kusemwa.

Jina hilo ni "Kombe la Dunia la Wanawake Chini ya Miaka 17". Katika makala haya tunakusudia kulichunguza sehemu kwa sehemu, na kuonyesha kwamba limehamishwa kutoka Kiingereza neno kwa neno, pasipo mtu kuitazama kanuni ambayo jina hilo lilipaswa kuieleza.

Tuanze na maneno "chini ya miaka 17". Maana yake katika Kiswahili haina utata. Mama anayempeleka mtoto wake kliniki anafahamu vyema nani huitwa "mtoto wa chini ya miaka mitano". Ni yule ambaye bado hajatimiza miaka mitano; akishaitimiza, siku hiyo hiyo ametoka katika kundi hilo. Msemo huu umekwisha kuota mizizi katika hospitali, katika takwimu za serikali na katika mazungumzo ya kila siku. Kwa hiyo msikilizaji anayesikia "chini ya miaka 17" ana haki ya kufahamu kwamba mchezaji aliyetimiza miaka 17 haruhusiwi kucheza.

Kanuni ya mashindano ya India haikusema hivyo. Ilisema kwamba mchezaji awe amezaliwa kati ya tarehe 1 Januari 2005 na tarehe 31 Desemba 2007. Tupige hesabu. Msichana aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2005 alikuwa, siku mashindano yalipofunguliwa, na umri wa miaka 17, miezi 9 na siku 10. Huyo aliruhusiwa kabisa. Kwa upande wa pili, msichana aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2008 alikuwa na miaka 14 na miezi 9, yaani yuko chini ya miaka 17 kwa kila hesabu, naye hakuruhusiwa. Basi istilahi hii imekosea pande zote mbili: inamfungia mlango anayestahili na kumfungulia asiyestahili. Istilahi ya namna hiyo haiwezi kutetewa kwa hoja kwamba imezoeleka.

Ushahidi mkubwa zaidi tunaupata katika historia ya mashindano hayo hayo. India ilikuwa imepangiwa kuwa mwenyeji mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipozuka, mashindano yaliahirishwa hadi Februari na Machi 2021, lakini sharti la tarehe za kuzaliwa halikusogezwa: waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2003 hadi tarehe 31 Desemba 2005 ndio waliobaki na haki ya kucheza. Maana yake ni kwamba msichana aliyekwisha kutimiza miaka 18 angaliweza kucheza katika mashindano yaitwayo ya "chini ya miaka 17". Kilichohifadhiwa hapo hakikuwa umri, bali kundi la watu waliozaliwa katika miaka fulani. Hatimaye, mwezi wa Novemba 2020, mashindano hayo yalifutwa kabisa, na India ikapewa yale ya mwaka 2022. Waliozaliwa mwaka 2003 na 2004 walikosa nafasi yao, wala hawakuweza kuipata tena, kwa sababu zamu ilikuwa imepita kwa wadogo zao.

Yamkini msomaji atauliza: kuna hasara gani? Jina ni jina tu, na wanaohusika wanazijua kanuni. Sisi hatukubaliani na hoja hiyo. Viongozi wa vyama vya michezo wanazo kanuni mikononi, lakini mzazi, mwalimu wa shule na jirani wa mchezaji hawana isipokuwa jina walilolisikia redioni. Mzazi anayejua kwamba binti yake ametimiza miaka 17 mwezi wa Januari anaweza kuamini kwamba nafasi imekwisha, akamzuia asiende kwenye majaribio. Jirani anayejua siku aliyozaliwa binti huyo, akimwona uwanjani mwezi wa Oktoba, anaweza kusema kwamba umri umeghushiwa.

Shutuma ya kughushi umri si jambo dogo katika michezo ya bara letu. Mwaka 2017 timu yetu ya wavulana ilikwenda Gabon kucheza mashindano ya Afrika baada ya Kongo (Brazzaville) kuenguliwa kutokana na utata wa umri wa mchezaji wake mmoja. Mashabiki wanayakumbuka mambo hayo, na kwa sababu hiyo huwa wepesi kushuku. Haifai lugha ya taifa iongeze shuku pale ambapo hakuna kosa lolote lililotendeka. Msichana aliyezaliwa mwezi wa Machi 2005, akacheza India mwezi wa Oktoba 2022, hakumdanganya mtu. Jina la mashindano ndilo linalomfanya aonekane mdanganyifu.

Ni haki kusema kwamba kosa hili halikuanzia kwetu. Kiingereza ndicho kilichotumia neno lenye maana ya "chini ya", na Kifaransa kikafuata kwa kusema "pungufu ya miaka 17". Lakini kosa la lugha nyingine si amri kwetu. Kazi ya mwundaji istilahi ni kuitafuta dhana yenyewe, kisha kuitafutia neno. Si kulichukua neno la wageni na kulivika nguo za Kiswahili.

Hebu sasa tuzipime istilahi zinazoweza kushika nafasi hiyo. Ya kwanza ni "wasiozidi miaka 17", ambayo baadhi ya waandishi wamekwisha kuitumia. Hii ni bora kuliko "chini ya", kwani inamkubali mwenye miaka 17. Upungufu wake ni kwamba anayehesabu miezi atasema kuwa miaka 17 na miezi 9 imezidi miaka 17, na ubishi utarudi pale pale. Ya pili ni "wasiotimiza miaka 18". Kwa mwaka 2022 ingekuwa sahihi katika kikomo cha juu, lakini inabadili tarakimu ambayo ulimwengu mzima unaitambua, na tena isingefaa kwa mashindano yaliyoahirishwa hadi mwaka 2021. Zaidi ya hayo, istilahi zote mbili zinanyamaza kuhusu kikomo cha chini.

Ya tatu, ambayo sisi tunaipendekeza, ni "Rika la 17". Neno rika ni la kale, nalo linaeleweka pwani na bara. Katika jamii zetu nyingi rika halikuwa hesabu ya siku na miezi ya mtu mmoja mmoja. Lilikuwa kundi la watu waliozaliwa au waliopita jandoni katika kipindi kimoja, wakaingia pamoja na kutoka pamoja. Mtu hakuulizwa tarehe yake ya kuzaliwa, bali aliulizwa ni rika la nani. Kanuni ya kandanda inafanya kazi kwa namna hiyo hiyo: inachukua waliozaliwa katika miaka mitatu, yaani 2005, 2006 na 2007, na kuwafanya kundi moja. Hata mashindano yalipoahirishwa, rika lilibaki lile lile ingawa umri uliongezeka. Kwa hiyo neno hili haliilazimishi dhana. Linaikuta mahali ilipo.

Kuna watakaosema kwamba "Rika la 17" litafahamika kuwa ni la wenye miaka 17 pekee. Hofu hiyo ina msingi, lakini si kubwa. Hakuna rika la watu wa siku moja. Kila anayelijua neno hili anajua kwamba ndani yake wamo wakubwa na wadogo, na tarakimu itamwonyesha mkubwa wao. Istilahi hii ina sifa nyingine pia: inaweza kuzaa nyingine kwa utaratibu ule ule. Kombe la Dunia la wasichana wakubwa zaidi lilianza nchini Kanada mwaka 2002 likiwa la umri wa 19, na kuanzia mwaka 2006 likapandishwa kuwa la umri wa 20. Kwa mfumo tunaoupendekeza tungesema tu kwamba limetoka Rika la 19 likaingia Rika la 20. Istilahi nzuri huweza kuyapokea mabadiliko kama hayo bila kuvunjika.

Tunakuja sasa kwenye neno "wanawake". Hili nalo limefuata jina la Kiingereza. Kiswahili ni lugha inayopambanua hatua za maisha ya mtoto wa kike kwa uangalifu: tuna kigoli, tuna mwari, tuna msichana, na mwanamke ni hatua iliyo mbele ya hizo. Mchezaji mdogo kuliko wote aliyeruhusiwa kwenda India alikuwa anatimiza miaka 15 ndani ya mwaka ule. Kumwita mwanamke ni kumrukisha hatua ambazo lugha yake mwenyewe imemwekea.

Wala hili si suala la adabu ya lugha tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kwamba vifungu vinavyoruhusu ndoa hizo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo. Ubishi wote huo ulihusu swali moja: mwenye miaka 15 ni mtoto au ni mwanamke? Vyombo vyetu vya habari vinapomwita mwanamke kila siku kwa wiki tatu, vinalijibu swali hilo bila kukusudia, tena vinalijibu vibaya. Tuseme "wasichana". Neno hilo halipunguzi sifa ya mchezaji hata chembe. Waliowafunga Wafaransa walikuwa wasichana, na sifa yao ni kubwa zaidi kwa sababu hiyo.

Tukumbuke vile vile neno "vijana". Mara nyingi "timu ya vijana" imetumika kwa maana ya wavulana, na wasichana wakalazimika kutajwa kwa nyongeza. Ujana hauna jinsia katika ngeli zetu, wala hatuoni sababu ya kuutia huko. Pale ambapo wavulana na wasichana wana mashindano mbalimbali, wote watajwe kwa majina yao: Rika la 17 la Wavulana, Rika la 17 la Wasichana.

Hatutaki msomaji adhani kwamba lugha ya michezo yetu yote ni ya kulaumiwa. Mchezo wa mwisho uliochezwa Navi Mumbai tarehe 30 Oktoba 2022 uliamuliwa kwa bao moja, ambalo Kolombia ilijifunga, na Hispania ikachukua kombe. Kitenzi "kujifunga" kimeibeba habari nzima kwa kiambishi kimoja cha kujirejea, na hakuna aliyehitaji kufasiri kitu. Aliyekitumia mara ya kwanza aliangalia tukio, akaliambia kwa kanuni za lugha yake. Njia hiyo ndiyo tunayoiomba ifuatwe katika jina la mashindano.

Jambo hili lisicheleweshwe. Mwaka 2024 wasichana wa Kenya nao walifika katika mashindano hayo, katika Jamhuri ya Dominika, na kuanzia mwaka 2025 mashindano yamekuwa ya kila mwaka nchini Moroko, yakiwa na timu 24 badala ya 16. Jina lililokuwa likisikika kila baada ya miaka miwili sasa litasikika kila mwaka, na kosa lililorudiwa kila mwaka hugeuka sheria. Tunapendekeza basi kwamba jina sanifu liwe "Kombe la Dunia la Wasichana, Rika la 17", na kwamba kila habari itakayotumia jina hilo itaje pia miaka ya kuzaliwa inayoruhusiwa. Maneno manne au matano ya nyongeza yanatosha kumwezesha mzazi kujua kama mlango wa binti yake bado uko wazi. Tunawakaribisha wasomaji watuletee maoni yao, hasa walimu na makocha, ambao ndio hupokea maswali ya wazazi.