Makumbusho bila wa kukumbusha

Siku moja ya posho tulitoka Karavia na watoto wetu, tukaenda mjini kutazama Musée National de Lubumbashi. Kwa desturi matembezi yetu ya jamaa yanaishia kando ya ziwa: watoto wanakimbia, wakubwa wanaketi, basi. Mara hii tulisema, waende waone kazi ya mikono ya bankambo.

Mbele ya misalaba ya shaba, mutoto mumoja akauliza: «Papa, hii ni musalaba ya kanisa?» Tukamujibu: «Ndiyo. Twende.»

Jibu lile lilikuwa uongo, na ndilo linalotusukuma kuandika. Ile haikuwa ya kanisa hata kidogo. Ni shaba iliyoyeyushwa hapa Katanga mbele ya padri wa kwanza kufika. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbaji wa vitu vya kale walifungua makaburi mwaka 1957 na 1958, wakakuta wafu waliozikwa pamoja na misalaba ya namna hiyo. Kadiri miaka ilivyopita, misalaba ilikuwa midogo zaidi na ya kipimo kimoja: alama kwamba watu walikuwa wakiihesabu kama feza. Misalaba mitatu ya shaba ilichorwa pia kwenye bendera ya Katanga ya 1960 hadi 1963. Basi mutoto wa Lubumbashi, mji uliozaliwa na shaba, alitoka mle akifikiri shaba ya kwetu ilianza na wageni. Na sisi wazazi ndio tuliomufundisha hivyo!

Wengine watasema kosa ni la maandiko mafupi yanayowekwa pembeni ya vitu. Sisi tunaona lawama ianze nyumbani. Neno makumbusho linatoka katika kukumbusha, na kitu peke yake hakikumbushi. Anayekumbusha ni muntu. Wazee wa Baluba walilijua hilo. Lukasa yao ni ubao wenye shanga, lakini ubao ule haukusema bila mujuzi wa chama cha Mbudye kupitisha kidole juu yake na kusimulia habari za wafalme. Tukiitundika ukutani bila msimulizi, inabaki mbao nzuri tu.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Tunaingia mbio, tunapiga picha, na maneno yetu kwa watoto ni mawili: «Usiguse! Nyamaza!» Kutogusa ni sheria ya haki, maana vitu vile vikivunjika havirudi. Lakini nani aliweka sheria ya kunyamaza? Mutoto hachoki na vitu vya kale. Anachoka na kukosa jibu. Kule Sanga, mara nyingi vyungu vilivyozikwa pamoja na watoto vilikuwa vidogo, kwa kipimo chao. Mwambie mutoto jambo hilo moja, utaona kama hatasimama kutazama.

Tulirudi siku nyingine pamoja na muzee mumoja wa jamaa. Aliwaeleza watoto mawe ya kijani, makala, tanuru ya udongo wa kichuguu, mivukuto, na shaba inayomiminwa kama uji mwekundu. Walipomuuliza juu ya vyungu, akasema: «Hapo miye sijue, bana yangu. Tuulize wenye kujua.» Jibu lile lilitupendeza kuliko «ndiyo» yetu, kwa sababu halikufunga mlango.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wenzetu: musiende kuona vyote kwa siku moja. Chagueni vitu vitatu. Mbele ya kwenda, ulizeni wazee wangali nasi. Watoto waulize kwa lugha ya nyumbani, nanyi mujibu kwa lugha ile ile. Musipojua, semeni hamujui. Wazee wanapungua kila mwaka, na siku ya mwisho wao, ule musalaba utabaki mbele ya watoto wa watoto wetu, nao watauita wa kanisa.